Vita Vilivyobebwa Kichwani

Kwetu Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, wageni huonyeshwa nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Vita vya Kwanza vya Dunia vya 1914 havitajwi, na jambo hilo linaniuma. Oktoba ya mwaka huo Wajerumani walishambulia hapa hapa, wakarudishwa na askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, pamoja na kikosi cha Waarabu cha afisa Mwingereza Wavell.

Vita vile vilikosa mashine. Kusini, katika koloni la Wajerumani, reli zilikuwa chache, malori yalizama matopeni, na mbung'o waliua farasi na punda. Basi unga na risasi vikapandishwa vichwani mwa watu. Sheria ya 1915 iliruhusu kuwachukua wapagazi kwa nguvu. 1917 ikaja kamatakamata kubwa chini ya John Ainsworth, afisa wa serikali ya kikoloni. Wapagazi wa jeshi la Uingereza waliokufa, kwa hesabu yake lenyewe, walizidi 40,000, wengi kwa kuhara na malaria. Na huku nyumbani, nani alime? Mwaka 1918 njaa na homa ya mafua vilikuta makonde yamepungukiwa mikono.

Wazee wanaokumbuka majina ya watu wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao, wayataje, yaandikwe, kuanzia Gazi hadi Vanga.