Neno la Kumpa Mtafiti Anayeanza: Historia Fupi ya Istilahi za Kujifunza kwa Kazi za Jamii

Utangulizi

Mara nyingi haja ya istilahi huonekana pale mtu anapokwama. Mwalimu mmoja wa sekondari, aliyekuwa ameanza shahada ya pili baada ya kufundisha kwa miaka 15, alitufikia akiwa na hojaji aliyokwisha kuipeleka vijijini. Alikuwa akichunguza shule ambazo wanafunzi wake hupanda miti, husafisha chanzo cha maji na kuwasaidia wazee, kisha hurudi darasani kuandika na kujadili yale waliyoyaona. Swali lake la kwanza kwa wazazi lilikuwa hili: "Je, mtoto wako amewahi kufanya huduma kwa jamii?" Mzazi wa kwanza alinyamaza kidogo, kisha akauliza mtoto wake ameshtakiwa kwa kosa gani.

Wazazi waliofuata hawakuuliza kitu; walijibu "hapana" na kuendelea na shughuli zao. Jedwali la mtafiti likajaa sifuri, ingawa miti iliyopandwa na watoto wale ilikuwa imesimama mbele ya nyumba zao. Maneno yale hakuyabuni yeye. Aliyakuta katika orodha ya tafsiri, akayaamini kama tunavyotaka watu waziamini orodha zetu. Kwa hiyo kosa ni la fani yetu kabla halijawa lake, na inatupasa tulieleze lilivyotokea.

Asili ya istilahi ya Kiingereza

Wazo la kujifunza kwa kutenda ni la zamani. John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani, alilitetea katika maandishi mengi, kikiwamo kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu tajriba na elimu. Lakini istilahi ya Kiingereza tunayoishughulikia hapa, ile inayounganisha neno la huduma na neno la kujifunza kwa kistari, ilizuka katika miaka ya 1966 na 1967. Ilitokana na kazi ya Robert Sigmon na William Ramsey katika majimbo ya kusini ya Marekani, ambako wanafunzi wa vyuo walipelekwa kufanya kazi zenye manufaa kwa wakazi na wakati huo huo kuzifanya sehemu ya masomo yao.

Mwaka 1979 Sigmon alitoa kanuni tatu za shughuli hiyo. Kwa maneno yetu, ya kwanza ni kwamba wanaohudumiwa ndio wenye mamlaka juu ya huduma wanayopewa. Ya pili ni kwamba kazi ile iwaache wanaohudumiwa na uwezo mkubwa zaidi wa kujiendeshea mambo yao. Ya tatu ni kwamba wanaohudumu nao ni wanafunzi, na wawe na kauli juu ya yale watakayojifunza. Tunawaomba wasomaji wazikumbuke kanuni hizi, kwa sababu tutazitumia kama mizani ya kupimia maneno yetu.

Hata hivyo, wenye istilahi wenyewe hawakukubaliana upesi. Mwaka 1990 Jane Kendall, katika kitabu alichokihariri juu ya kuunganisha huduma na kujifunza, alitaja istilahi na fasili zipatazo 147 katika maandishi ya uwanja huo. Mwaka 1994 Sigmon alirudi tena, safari hii akionyesha njia nne za kuyaandika maneno yale yale mawili: neno la kwanza kwa herufi kubwa pale huduma inapotangulia, neno la pili kwa herufi kubwa pale masomo yanapotangulia, yote mawili kwa herufi ndogo na bila kistari pale mambo hayo yanapokwenda kila moja kwa njia yake, na yote mawili kwa herufi kubwa na kistari pale yanapolingana na kutiana nguvu. Mfasiri anayedhani kwamba kistari ni pambo tu la chapa atakuwa ameiacha nje nusu ya maana.

Wakati huo jambo lenyewe lilikwisha kuingia katika sheria na mitaala. Jimbo la Maryland liliamua mwaka 1992 kwamba mwanafunzi wa sekondari asihitimu bila kutimiza sharti la huduma, ambalo kwa kawaida ni saa 75, na hitimu ya kwanza iliyobanwa na sharti hilo ilikuwa ya mwaka 1997. Karibu na kwetu, Kenya iliutia mfumo huu katika mwongozo wake wa mtaala wa mwaka 2017, na katika sekondari ya juu umewekwa miongoni mwa masomo ya lazima. Kwa hiyo hili si suala la kigeni tena kwa mwalimu wa Kiswahili. Limekwisha kufika mlangoni.

Yaliyotutangulia hapa nyumbani

Katika mwaka ule ule wa 1967, bila ya kuongozwa na hao wa Marekani, Tanzania ilikuwa ikishughulika na jambo la jirani. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari, na mwezi Machi Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Maandishi hayo yalitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka, ifanye kazi ya kuzalisha mali, na wanafunzi washirikishwe katika kuamua juu ya kazi hiyo na matunda yake. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, mwenendo wa mwanafunzi na mwelekeo wake katika kazi vikaanza kutiwa katika tathmini yake, na kwa miaka kadhaa kijana aliyemaliza sekondari alitakiwa kufanya kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu.

Ipo tofauti ambayo hatuna budi kuieleza. Elimu ya Kujitegemea iliutazama zaidi uzalishaji wa shule na maandalizi ya kijana kwa maisha ya kijijini. Istilahi ya Marekani ilitazama zaidi haja ya wakazi na tafakuri ya mwanafunzi. Pamoja na hayo, zote mbili zilishika shina moja, yaani kazi na somo visitengane. Zote mbili pia zilipatwa na ugonjwa mmoja. Palipokosekana mazungumzo ya darasani kabla na baada ya kazi, shamba la shule likawa jembe tu, na katika shule nyingine likawa mahali pa kumpeleka mtoto aliyechelewa. Watu wazima wengi wanaojibu hojaji leo walisoma katika shule za namna hiyo. Wanapoulizwa habari za kazi za wanafunzi, hujibu wakikumbuka viboko vyao, si yale anayoyafanya mtoto wao.

Liko pia funzo la ufasiri ambalo limesahauliwa. Tarehe 10 Julai 1963 lilipoanzishwa jeshi ambalo kwa Kiingereza liliitwa kwa maneno yenye maana ya "utumishi wa taifa", Kiswahili hakikufuata maneno hayo. Liliitwa Jeshi la Kujenga Taifa. Jina la Kiingereza lilitaja wajibu wa kijana. Jina la Kiswahili likataja kazi inayotakiwa kufanyika. Hatudai kwamba jina jema huondoa ubishi. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa elimu ya juu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na jeshi hilo, na karibu 400 kati yao walifukuzwa. Tunachodai ni kwamba waliolitoa jina lile waliuliza kwanza kazi yenyewe ni nini, ndipo wakatafuta neno.

Maneno yaliyopo na uzito wake

Tuyapime sasa maneno ambayo watafiti wamekuwa wakiyatumia.

Huduma kwa jamii. Maneno haya yana mwenyewe. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 iliyafanya kuwa jina la adhabu mbadala, ambapo mkosaji hutumikia adhabu yake nje ya gereza kwa kufanya kazi zenye manufaa kwa umma. Kenya nayo ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1998. Mzazi wetu hakukosea hata kidogo. Alikisikia Kiswahili cha mahakama kwa usahihi. Na ukibadili kiungo ukasema huduma za jamii, unaangukia katika zahanati, maji na barabara, mambo ambayo mwananchi huyapokea kutoka serikalini.

Kutumikia na utumishi. Shina lake ni tuma. Kutokana na shina hilo tumepata mtume anayeheshimiwa, mtumishi anayeajiriwa na mtumwa anayemilikiwa. Kitenzi tumikia hutumika kanisani kwa heshima kubwa, lakini hutumika pia kwa kifungo. Utumishi wa umma ni ajira ya serikali. Mwanafunzi asiyelipwa mshahara, na ambaye hajatumwa na mtu, hapati nafasi yake humo kwa urahisi.

Kujitolea. Ni neno jema na linaeleweka kila mahali. Lakini kazi iliyotiwa katika mtaala na kupewa alama si ya kujitolea. Tena neno hili halisemi lolote juu ya kujifunza.

Ujima na msaragambo. Hapa tupo karibu zaidi na maisha ya wananchi. Ujima una kanuni ya kwanza ya Sigmon ndani yake, kwa kuwa wenye haja ndio waitao kazi. Msaragambo, unaojulikana zaidi kaskazini mashariki mwa Tanzania, una sura ya amri pia, na asiyetokea huweza kutozwa faini. Maneno haya yana thamani kubwa katika mahojiano, ila hayawezi kuwa jina la somo la taifa zima.

Ubaki mjadala wa kiungo. Tukisema "kazi na masomo", kiungo na huweka vitu viwili bega kwa bega bila kusema vinahusianaje. Tukisema "masomo ya kazi", kazi yenyewe huwa ndiyo mada inayofundishwa. Kiungo kwa hueleza njia: mtu anajifunza, na njia ya kujifunza ni hiyo kazi. Kwa sababu hii tunapendekeza kujifunza kwa kazi za jamii, na nomino yake ujifunzaji kwa kazi za jamii. "Kazi za jamii" ni kazi ambazo jamii ni mwenyewe, haipokei tu. Pendekezo hili halibebi usawa wote uliokusudiwa na kile kistari, na tunakiri upungufu huo. Lakini halimpeleki mtoto mahakamani.

Jina la mtafiti mwenyewe

Kuna istilahi ya pili inayohitaji uangalifu, nayo ni jina la yule aliye mwanzo wa kazi ya utafiti. Uwanja huu ni mchanga. Jarida mojawapo mashuhuri la utafiti wake lilianza Michigan mwaka 1994. Mikutano ya kimataifa ya utafiti ilianza mwaka 2001, na chama cha kimataifa cha watafiti wake kikaundwa mwaka 2005. Chama hicho kimejali kuwatambua walio mwanzo wa kazi, kwa maana wasipolelewa hao, uwanja hautakuwa na wazee.

Kwetu hapa matangazo ya nafasi na ruzuku huwaita "watafiti vijana", "watafiti wachanga" au "watafiti chipukizi". La kwanza ni kosa la maana. Kinachopimwa ni miaka ya utafiti, si miaka ya kuzaliwa. Mwalimu wetu mwenye miaka 15 ya ubao na chaki alikuwa na sifa zote, lakini alilipita tangazo lililosema "vijana" akidhani halimhusu. La pili humfananisha mtu mzima na mtoto wa kubebwa. La tatu ni zuri kwa sikio, na wasanii wamelizoea, ila limekuwa pia jina la watoto katika malezi ya chama cha siasa, na katika barua rasmi huleta mkanganyo. Tunapendekeza mtafiti anayeanza. Ni maneno mepesi, hayatweshi, na hayataji umri.

Vivyo hivyo kwa anayemwongoza. Msimamizi hukagua na kutia saini. Mlezi hukaa na mtu mpaka asimame. Chuo huhitaji yule wa kwanza kwa kanuni zake. Mtafiti anayeanza huwahitaji wote wawili, na si lazima wawe mtu mmoja.

Hitimisho

Tasnifu nyingi za elimu huandikwa kwa Kiingereza, lakini ushahidi wake hukusanywa kwa Kiswahili. Mtafiti huvuka mto huo mara mbili: anapokwenda na maswali, na anaporudi na majibu. Tukimpa mtumbwi wenye tundu, shehena itazama na hakuna msomaji wa tasnifu atakayejua.

Kwa hiyo tunawaomba walimu na watumishi wa ofisi za elimu mambo matatu. Kwanza, hojaji ya Kiswahili isomwe kwa wananchi wachache kabla ya kupelekwa kwa wengi, na waulizwe wameelewa nini. Pili, mtafiti aandike katika tasnifu yake maneno ya Kiswahili aliyoyatumia, ili ajaye baadaye asianze gizani. Tatu, muhtasari wa matokeo urudishwe kijijini kwa Kiswahili, kwa kuwa wale waliohojiwa nao ni wenye kazi.

Mwalimu wetu alirudi vijijini. Safari hii aliuliza: "Mtoto wako amewahi kufanya kazi gani ya kijiji pamoja na shule yake?" Wazazi walimwonyesha miti. Mapendekezo yetu hayajasanifishwa, na tutafurahi kupokea hoja za wasomaji, hasa za wale watakaokuwa na neno bora zaidi.