Kericho ilipoyapiga mawingu kwa makombora

Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwatuliza Wakenya: wataalamu wamesema El Niño ya kuleta maafa haiji. Mwaka haujaisha, mafuriko yakawa yameua zaidi ya watu 100, na lawama zikaelekezwa Dagoretti Corner, yaliko makao makuu ya Idara ya Hali ya Anga. Idara ilionewa. Kabla msimu haujaanza ilikuwa imeshatangaza kwamba vuli ya mwaka ule ingepita kiwango cha kawaida katika sehemu nyingi za nchi. Tangazo lilikuwepo, masikio ndiyo yalikosekana.

Tumezoea kumcheka mtabiri bila kujua kazi yake ilianzaje, na ilianza kwa ajili ya nani.

Haikuanza kwa ajili ya mkulima. Mwaka 1929 Waingereza walianzisha huduma moja ya hali ya hewa kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, makao yakiwa Nairobi, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Albert Walter, aliyeletwa kutoka Mauritius. Miaka miwili baadaye ndege za Imperial Airways zilianza safari za kutoka London hadi Mwanza, na kufikia 1937 ndege za kutua majini zilikuwa zikitua Kisumu. Rubani ndiye aliyehitaji kujua kama wingu litamkabili njiani. Vita Kuu ya Pili ikaongeza marubani, na mahitaji yakaongezeka pamoja nao.

Bahati mbaya, au nzuri kwa mtu apendaye radi, njia hiyo ilipita katika moja ya sehemu zenye ngurumo nyingi mno duniani. Sababu ni ziwa lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka Ziwa Viktoria kuelekea mashariki, ukapambana na upepo unaotoka upande wa bahari juu ya vilima vya Nandi na Kericho. Hewa hukosa pa kwenda isipokuwa juu. Alasiri mawingu yamesimama, radi inapiga. Usiku mambo hugeuka: upepo wa nchi kavu hushuka ziwani kutoka pande zote, na dhoruba huwakuta wavuvi majini hadi alfajiri. Ndiyo maana mtabiri wa kanda hii anaweza kukutajia saa kwa ujasiri mkubwa, lakini kijiji kitakachopigwa hakijui.

Hasara ya kutokijua kijiji ilieleweka vizuri zaidi Kericho. Takwimu inayotajwa sana ni kwamba eneo hilo la chai lilikuwa likipata mvua ya mawe siku 132 kwa mwaka, kwa wastani. Chai ni majani mawili na kichipukizi. Mawe yakishayachanachana, hapo hakuna cha kuchuma mpaka kichaka kichipue upya. Wenye mashamba makubwa walikuwa na fedha, na walichoka kungoja kuambiwa.

Mwaka 1963 majaribio yakaanza. H. W. Sansom, wa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, ndiye aliyeyafuatilia na kuandika kuyahusu. Wingu likijijenga juu ya mashamba, makombora yenye baruti yalirushwa yakalipukie ndani yake, kwa tumaini kwamba mlipuko ungeyadhoofisha mawe kabla hayajafika ardhini. Ilisemekana kwamba baadhi ya mawe yalianguka yakiwa laini, kama barafu iliyoanza kuyeyuka. Sansom aliona matokeo yanatia moyo. Wanasayansi wengine hawakushawishika, na hadi leo Shirika la Hali ya Hewa Duniani halioni msingi wa kisayansi katika kupambana na mvua ya mawe kwa kishindo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 makombora yalikuwa yamepisha ndege zilizomwaga iodidi ya fedha mawinguni.

Kichekesho kikaja mwaka 1982. Mtafiti Russell Schnell na mwenzake walichapisha matokeo yao kuhusu takataka za majani ya chai zinazooza chini ya vichaka. Vumbi lake, waligundua, ni hodari wa kugandisha maji kuwa barafu hata kabla baridi haijawa kali. Wachumaji wakipita, miguu yao hulitimua, upepo wa alasiri ukalipandisha mawinguni. Hawakuthibitisha kwamba chai ndiyo inayojiletea mawe, lakini dhana yenyewe inatosha kumfanya mtu ayatazame yale makombora upya.

Ofisi ya pamoja ilikufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, kila nchi ikabaki na vituo vyake, ilhali ziwa na dhoruba zake vilibaki vya wote. Waliokuwa wakisoma anga bila ofisi, kama wazee wa ukoo wa Nganyi huko Bunyore, magharibi mwa Kenya, walichukuliwa zama za ukoloni kama wachawi wa kuzuiwa. Ilibidi ingojwe hadi karne hii ndipo wataalamu wa idara waketi nao kulinganisha utabiri wa msimu, wao wakija na ramani, wazee wakija na dalili za miti, wadudu na pepo.

Zimekuja pia setilaiti na simu, na Tanzania ikasimika rada Mwanza inayotazama sehemu kubwa ya ziwa. Mradi wa HIGHWAY, uliosimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa fedha za Uingereza kuanzia 2017, uliwapa wavuvi utabiri uliotenganishwa kwa maeneo ya ziwa, ukieleza upepo, mawimbi na radi. Rubani alihudumiwa tangu miaka ya 1930, mwenye shamba la chai akarushiwa makombora miaka ya 1960. Mvuvi, ambaye hulala juu ya maji hayo hayo, ndiye aliyefikiwa mwisho, tena kwa fedha za mfadhili. Bajeti zetu zinapaswa kueleza kwa nini.