Malighafi ya vihisi vya gesi: Kila gesi na mlinzi wake

GESI ya kupikia haina rangi, na kwa asili yake haina harufu. Uvundo unaosikika mtungi unapovuja hutokana na kemikali yenye salfa, aghalabu ethili merkaptani, ambayo huongezwa makusudi kabla ya gesi kufika sokoni.

Kaboni monoksidi, gesi itokanayo na makaa yanayowaka katika chumba kisichopitisha hewa ya kutosha, haina hata uvundo huo. Hujishikiza kwenye himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na aliyelala huweza kufa bila kugutuka.

Pua, basi, si mlinzi wa kutegemewa. Huzoea harufu upesi, na mwenyewe akilala nayo hulala.

Kazi hiyo imekabidhiwa vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyotambua gesi hewani na kupiga king’ora. Siri ya kila kihisi imo katika malighafi iliyokiunda. Malighafi inayoitikia gesi moja huenda isiitikie nyingine, na ndiyo maana kifaa kinachomlinda mpishi huenda kisimfae anayeota moto wa makaa.

Ndege wa migodini

Haja ya vifaa hivi ilianza katika migodi ya makaa ya mawe, ambako methani hulipuka ikifikia takriban asilimia 5 hadi 15 ya hewa. Mnamo 1815, Mwingereza Humphry Davy alivumbua taa ambayo mwali wake ulizungukwa na wavu wa chuma. Urefu na rangi ya mwali huo vilimwonyesha mchimbaji kuwa methani imo hewani.

Baadaye, kwa ushauri wa mwanasayansi John Scott Haldane, wachimbaji walianza kushuka na ndege wadogo aina ya kanari, ambao hulemewa na kaboni monoksidi kabla ya binadamu. Uingereza iliamua kuwastaafisha ndege hao mnamo 1986 na nafasi yao ikatwaliwa na vifaa vya kielektroniki.

Mojawapo ya vihisi vilivyoenea migodini ni waya mwembamba wa platinamu uliosokotwa na kufunikwa kwa tone la alumina lenye kichocheo kama vile paladiamu. Gesi inayowaka huungua juu ya kichocheo hicho, joto huongezeka, ukinzani wa waya dhidi ya umeme hupanda, nacho kifaa husoma badiliko hilo.

Hata hivyo, hakuna kuungua pasipo oksijeni. Mahali ambapo methani imeifukuza hewa yote, kihisi cha aina hii huweza kuonyesha kiwango kidogo huku hatari ikiwa kubwa mno.

Unga wa bati

Vihisi vingi vya gesi ya kupikia vina asili yake Japani. Mnamo 1962, Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya kihisi cha aina hiyo, wakati gesi ya mitungi ilipokuwa ikienea katika nyumba za nchi hiyo pamoja na milipuko yake. Malighafi iliyokuja kutumika zaidi ni oksidi ya bati.

Unga wa oksidi hiyo hupashwa joto la mamia ya digrii. Oksijeni ya hewani hunata juu ya chembe zake na kuzipokonya elektroni, hivyo umeme hupita kwa shida. Gesi inapowasili huungana na oksijeni hiyo, elektroni hurejea zilikotoka, umeme hupita kwa urahisi na king’ora hulia.

Kihisi hiki ni cha bei nafuu na hudumu muda mrefu. Kasoro yake ni kwamba hakichagui sana. Mvuke wa pombe, marashi au dawa ya kupulizia wadudu huweza kukishtua, na unyevu wa hewa huathiri vipimo vyake. Watengenezaji hukichanganya na chembe za paladiamu au platinamu ili kukielekeza kwa gesi wanayoilenga.

Asidi na platinamu

Kaboni monoksidi hutambuliwa zaidi kwa njia nyingine. Gesi hupenya utando mwembamba na kufikia kipande cha platinamu kilichogusana na asidi ya salfuriki. Hapo hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi, na mageuzi hayo huzalisha mkondo mdogo wa umeme unaolingana na wingi wa gesi.

Kwa kuwa hakihitaji kupashwa joto, kihisi hiki huweza kutumia betri. Lakini huzeeka, na vingi vyake hutengenezwa ili vidumu kati ya miaka 5 na 10.

Kaboni dioksidi nayo mara nyingi hupimwa kwa mwanga usioonekana wa infraredi, kwani gesi hiyo hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban maikromita 4.26.

Kimya chenye hatari

Jambo la kutisha zaidi kuhusu vihisi ni kwamba huweza kufa kimyakimya. Mvuke wa silikoni, unaotoka katika baadhi ya gundi na dawa za kung’arishia, huacha tabaka linalofunika kichocheo. Risasi na kemikali za salfa pia hudhuru.

Kihisi cha kichocheo kilichokufa huonyesha sufuri, na sufuri hiyo haina tofauti na ile ya hewa safi. Ndiyo sababu viwandani vifaa hivi hujaribiwa kwa gesi ya kiwango kinachojulikana. Kitufe cha majaribio kwenye vifaa vya nyumbani kwa kawaida hukagua king’ora na betri, wala hakithibitishi kuwa kihisi chenyewe kingali hai.

Mahali pa kukiweka pia ni muhimu. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, kwa hivyo kihisi chake hufungwa chini. Methani ni nyepesi, nayo hupanda darini. Kaboni monoksidi hukaribiana na hewa kwa uzito na huchanganyika nayo chumbani.

Wakenya hawahitaji kukumbushwa uzito wa suala hili. Usiku wa Februari 1, 2024, lori lililobeba gesi lililipuka mtaani Embakasi, Nairobi, likasababisha vifo na kujeruhi zaidi ya watu 200. Nao msimu wa baridi wa Juni na Julai huwashawishi wengi kulala na jiko la makaa chumbani.

Anayenunua kifaa hana budi kusoma jina la gesi kinachoitambua na tarehe ya kukibadilisha. Nyumba yenye mtungi na jiko la makaa inahitaji walinzi wawili, si mmoja. Hata hivyo, hakuna kihisi kinachohalalisha kulala na jiko linalowaka ndani ya chumba kilichofungwa.