Moshi Uliolala Njiani

Kila Agosti nikishuka treni Tabora, moshi ndio unaonipokea kwanza. Nyika inaungua, matanuri ya mkaa yanafuka. Bibi yangu, anayeishi Kwihara, hunusa na kutoa hukumu: "Huu si wa jikoni. Umetoka mbali, umelala njiani." Kisha anakohoa.

Kwihara ndipo Livingstone alipokaa kwenye tembe tangu Machi hadi Agosti 1872, akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Miaka 15 kabla yake, Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Kungoja ndiyo historia yetu. Pembe, barua, dawa, vyote vilikuja kwa miguu.

Habari za hewa nazo zimesafiri hivyo hivyo. Mwaka 2011, Morogoro, mji ambao Stanley aliupita ukiitwa Simbamwenni, Stelyus Mkoma wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walinasa chembe za hewa kwenye vichujio. Walizikuta na levoglukosani, aina ya sukari inayozaliwa kuni na nyasi zinapoungua. Matokeo yalichapishwa 2013. Waliovuta hewa ile walikuwa wameshaimaliza zamani.

Lakini iko mashine isiyongoja. Iliundwa Marekani miaka ya 1990. Inafyonza hewa, inazirusha chembe kwenye chuma chenye joto la nyuzi 600 hivi, zinageuka mvuke, kisha inapima uzito wa vipande vyake papo hapo. Kipande cha uzito wa 60 kinatoboa siri ya kuni na nyasi. Moshi ukizeeka angani, hicho hupungua, na cha 44 huongezeka. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Umelala njiani!

Kati ya 2016 na 2018, ndege ya NASA iliruka na mashine hiyo juu ya Atlantiki, kwanza kutoka Namibia, baadaye São Tomé, ikipima moshi wa mioto ya bara letu. Karibu zaidi nasi, mlimani Mugogo, Rwanda, kiliwekwa kifaa kinachosoma weusi wa moshi kwa rangi saba za mwanga. Kwihara chombo ninachokijua ni pua ya Bibi, na kifua kinacholipia.

Nilimweleza yote hayo jikoni kwake.

"Hiyo mashine," akauliza, "ingejua moshi wangu na wa jirani?"

"Wa kuni na wa lori ingetofautisha, Bibi. Wako na wa jirani, hapana."

"Basi bado inajifunza," akasema, akasukuma kuni ndani ya mafiga, akageuza uso pembeni kukohoa.