Bolti isiyo na kichwa

Mwaka jana gari ya mjomba, Toyota ya mtumba kutoka Japani, iligoma pale Kerege. Funguo inaingia lakini haizunguki, na usukani umeloki. Msamaria mwema akauvuta usukani kwa nguvu. Kile chuma kinachobeba swichi, kwenye nguzo ya usukani, kikapasuka. Tukakokotwa mpaka gereji moja Bagamoyo, chini ya mwembe. Fundi akavua plastiki, akachungulia.

“Hii kazi ya nusu siku, mzee. Bolti zake hazina vichwa.”

Kweli hazina. Bolti hizo huchongwa shingo nyembamba makusudi. Kiwandani hukazwa mpaka kichwa kinakatika chenyewe, kinabaki kisiki cha mviringo ambacho spana haipati pa kushika. Hivi nani alileta wazo la kumtesa fundi namna hii?

Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono. Mwaka 1912 Cadillac ikaja na stata ya umeme ya Charles Kettering, na mwaka 1949 Chrysler ikaleta huu mtindo wetu wa kuzungusha funguo kuwasha injini. Ila swichi ilikaa kwenye dashibodi: mwizi aliunganisha nyaya kwa nyuma, akaondoka zake.

Ujerumani Magharibi ikachoka mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ililazimisha magari yote, mapya na ya zamani, yawe na loki ya usukani. Ukichomoa funguo, jino la chuma linaingia kwenye mtaro wa nguzo. Hata injini ikiwaka, gari haikati kona. General Motors ikahamishia swichi kwenye nguzo ya usukani kwa magari yake ya 1969, na Januari 1970 sheria ya Marekani ikaanza kazi. Uingereza ilifuata, lakini kwa magari mapya tu, na wezi wakahamia yale ya zamani. (Mimi hapa nawapa Wajerumani maksi zote.) Wajapani nao walitaka kuuza magari kwenye masoko hayo, basi jino likaingia kwenye Toyota.

Na loki inayofunguka kwa spana ina faida gani? Ndiyo maana ya bolti zisizo na vichwa. Zilimlenga mwizi wa Ulaya na Marekani wa nusu karne iliyopita. Zikamkuta fundi wa Bagamoyo.

Fundi akatoa ushauri wa mkato: “Nikate hilo jino, mzee, usisumbuke tena?” Mjomba anaegesha gari nje ya geti, Bunju. Akakataa.

Basi ikaanza kazi ya patasi na nyundo, taratibu, kugonga pembeni ya kisiki ili kizunguke. Cha kwanza kikatoka. Cha pili kikagoma, kikatobolewa kwa drili. Mpaka alasiri chuma kingine, kilichotolewa kwenye gari iliyopata ajali, kilikuwa kimekaa mahali pake, pamoja na swichi yake na funguo yake. Sasa mjomba anatembea na funguo mbili, moja ya mlango na nyingine ya kuwashia. Kila asubuhi anaanza na ile isiyo yenyewe.