Kutafuta vitu vya kipekee vya nyumbani Mwanza: Wapi uende, nini uangalie, nini usiguse

Sebule nyingi za mjini siku hizi zinafanana. Sofa ya kijivu, meza nyeupe ya tv, zulia la manyoya na maua ya plastiki kwenye kona. Ukipiga picha ndani, mtu hawezi kujua uko Mwanza, Dodoma au Dubai.

Kwa anayeishi Jiji la Miamba, hilo ni jambo la kushangaza kidogo. Ziwa Victoria limezungukwa na mafundi wa bati, wafinyanzi, wasusi, wachonga mitumbwi na watengeneza ngoma. Vitu vyenye sura yake vipo, na vingi bei yake si ya kutisha. Tatizo ni kwamba vinapotea. Karabai mbovu inapimwa kwa kilo kama chuma chakavu, ubao wa mtumbwi unakuwa kuni, na kigoda cha babu kinaliwa na mchwa nyuma ya nyumba.

Huu ni mwongozo mfupi kwa anayetaka kuanza kutafuta.

Anza na bati na taa

Mwanza kuna eneo katikati ya mji linaitwa Makoroboi. Jina limetokana na koroboi, ile taa ndogo ya mafuta ya taa inayotengenezwa kwa makopo. Mafundi walikaa kwenye miamba pale wakigeuza bati chakavu kuwa taa, miiko ya kupakulia na vyombo vingine vya nyumbani. Kwa hiyo kugeuza taka kuwa chombo ni kazi ya zamani mjini hapa. Haikuletwa na mitandao.

Koroboi moja juu ya rafu ya vitabu inapendeza, hasa ile ambayo maandishi ya kopo la awali bado yanasomeka. Iweke kama pambo tu. Moshi wake si mzuri kwa mapafu, na moto wake umeunguza nyumba nyingi.

Ndugu yake mkubwa ni karabai, taa ya presha. Wavuvi wa dagaa walizitumia miaka mingi kuvutia samaki usiku, mpaka taa za sola na betri zilipoingia. Karabai kuukuu lenye kioo kizima ni kitu cha ukweli. Fundi umeme anaweza kulitia waya na balbu likawa taa ya mezani. Ulizia kwa wauza vyuma chakavu na kwenye mialo, ukianza na Kirumba.

Usisahau masanduku ya bati. Mafundi bati bado wanayatengeneza kwa ajili ya wanafunzi wa bweni. Ukiagiza moja kwa kipimo chako, likapakwa rangi unayotaka, unapata meza ya sebuleni yenye nafasi ya kuhifadhi mashuka ndani.

Mbao za ziwani

Mtumbwi ukichoka, mbao zake huwa zimekaa majini na juani kwa miaka. Zina rangi za tabaka tabaka, matundu ya misumari na maandishi nusu nusu. Pwani na Zanzibar, mafundi wamekuwa wakigeuza mbao za majahazi kuwa viti, meza na fremu za vioo. Huku ziwani mali ipo, ila wengi bado tunaichoma.

Nenda sehemu wanakotengeneza mitumbwi, ongea na fundi, mwambie unataka ubao uliotolewa. Kisha zingatia haya:

- Ukaushe kivulini kwa wiki kadhaa. Ukiupeleka juani moja kwa moja utapinda na kupasuka.
- Toa misumari yote kabla seremala hajaupitisha kwenye msumeno.
- Usiupige randa mpaka uwe mpya. Ukiondoa rangi ya zamani yote umebaki na ubao wa kawaida.
- Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Usitengenezee kitanda cha mtoto wala ubao wa kukatia mboga.

Bujora: nenda ukasome kwanza

Kabla ya kununua chochote kinachoitwa "cha Kisukuma", tenga nusu siku uende Bujora, Kisesa, mashariki ya jiji. Makumbusho yale yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyeanza kazi yake pale miaka ya 1950. Hapo utaona ngoma za watemi, vigoda, vibuyu, zana za wahunzi na vitu vya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu. Jengo la watemi lenyewe limejengwa kwa umbo la kigoda cha enzi.

Faida yake ni kwamba macho yanazoea. Ukishaona kigoda kilichokaliwa kweli, kile kilichopakwa kiwi cha viatu wiki iliyopita hakikudanganyi tena. Ukienda Juni wakati wa sherehe za Bulabo utakuta na mashindano ya ngoma.

Jambo lingine la kujua: si kila kinyago kinachouzwa Mwanza ni cha huku. Michoro ya Tingatinga ilianzia Dar es Salaam mwaka 1968 kwa Edward Saidi Tingatinga. Vinyago vya mpingo vya Kimakonde asili yake ni kusini. Ni kazi nzuri, nunua ukipenda, ila usiuziwe kwa hadithi ya uongo.

Ukitoka nje ya Mwanza

Ziwa ni la nchi tatu, na kila upande una chake.

*Kisii, Kenya.* Mawe laini ya kuchonga yanatoka Tabaka. Bakuli, vishikizo vya vitabu, sanamu za viboko na familia zilizokumbatiana. Yanauzwa mpaka huku. Ni mazito lakini yanavunjika yakianguka, kwa hiyo funga vizuri ukisafiri na basi.

*Kisumu, Kenya.* Kuna mafundi wanaosuka samani na vikapu kwa gugu maji lililokaushwa, lile lile gugu lililovamia ziwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Wengine wanalainisha ngozi ya sangara ikawa ngozi ya kutengenezea pochi na viatu. Viwanda vya minofu vya Mwanza vinatoa ngozi hizo pia, kwa hiyo kijana mwenye wazo ana pa kuanzia.

*Uganda.* Kitambaa cha magome ya mtuba, Waganda wanakiita lubugo. UNESCO ilikitambua mwaka 2005 na kukiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2008. Gome linabanduliwa mti ukiwa hai, shina linafungwa majani ya mgomba, na gome jipya linaota. Kipande kimoja ukutani, rangi yake ya udongo mwekundu, kinabadilisha chumba kizima.

*Ukerewe.* Panda meli hadi Nansio. Usitegemee maduka ya zawadi. Tembea sokoni, angalia vyungu, mikeka na vikapu ambavyo watu wenyewe wanatumia. Kitu kilichotengenezwa kwa matumizi huwa imara kuliko kile cha kuuzia wageni.

Kagua kabla ya kulipa

1. *Mbao.* Gonga chini mara mbili tatu. Unga mwembamba ukidondoka, kitu kimebunguliwa na wadudu bado wamo. Kidogo unaweza kukifunga kwenye mfuko wa plastiki na kukiweka kwenye friza wiki mbili. Kikubwa kipakwe dawa ya mbao kabla hakijaingia ndani, la sivyo kitaambukiza kabati lako.

2. *Chungu.* Kiinue, kigonge kwa kidole. Mlio wa kengele, kizima. Mlio wa kufa, kina ufa hata kama huuoni.

3. *Kikapu na mkeka.* Nusa. Harufu ya ukungu haitoki kirahisi.

4. *Kopo na pipa.* Uliza lilibeba nini. Lililobeba dawa ya pamba au ya mifugo liache, hata kama bei ni chee. Halifai hata kwa kupandia maua.

5. *Rangi ya "zamani".* Kitu kilichotumika kinachakaa pale mkono unaposhika na mwili unapokaa. Kikichakaa sawasawa kila mahali, kimezeeshwa kwa makusudi.

Nini usiguse

Hapa ndipo watu wanapoumia.

*Nyara.* Ngozi ya chui, chatu au mamba, jino la tembo, gamba la kakakuona. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwa na nyara bila kibali ni kosa linaloweza kukupeleka jela. "Niliuziwa tu" haikusaidii. Kuna ngoma na vigoda vya zamani vyenye vipande vya ngozi za wanyamapori. Kama hujui ni ngozi gani, acha.

*Mambo ya kale.* Sheria ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Mwenye ndugu ughaibuni anayetaka "kitu cha kale" ajue hilo mapema.

*Vitu vya ukoo.* Hili sheria haligusi sana, ila ndilo zito zaidi. Kijana anaweza kukuletea kigoda, kibuyu cha matambiko au ngoma ya babu yake kwa sababu anahitaji nauli. Uliza: wazee wanajua? Akibabaika, usinunue. Kwake ni hela ya siku mbili. Kwa ukoo ni kitu ambacho hakirudi, na kwako ni ugomvi utakaokufuata mpaka mlangoni. Mwambie atafute fundi wa kuchonga kingine kama hicho, wewe ununue hicho kipya.

Kuagiza ni bora kuliko kusaka

Wengi wanadhani kitu chenye upekee lazima kiwe cha zamani. Si lazima. Fundi mzuri akipewa wazo na muda anatengeneza kitu ambacho hakipo kwingine. Anzia ofisi za SIDO Nyakato, wanaofahamu wazalishaji wadogo, au tembelea mabanda ya Nane Nane pale Nyamhongolo mwezi Agosti uchukue namba za simu.

Ukifika kwa fundi, salamu kwanza. "Shikamoo" kwa mzee. Asubuhi ukisema "mwangaluka" na kuondoka na "wabeja", mazungumzo yanakuwa mengine kabisa. Halafu:

- Peleka vipimo vilivyoandikwa. Picha ya simuni peke yake haitoshi.
- Lipa malipo ya awali ya vifaa, mkubaliane tarehe, andikeni.
- Usikandamize bei mpaka fundi akose faida. Atalipiza kwenye mbao na gundi.
- Muulize jina lake na kijiji, andika chini ya kitu au nyuma yake pamoja na mwaka.

Hilo la mwisho watu wanalipuuza. Vyombo vingi vya huku vilivyomo kwenye makumbusho za Ulaya vimeandikwa jina la kabila na la mzungu aliyevichukua, na jina la aliyevitengeneza halipo. Kalamu na dakika moja zinatosha kuhakikisha mjukuu wako atajua kigoda anachokalia kilichongwa na nani.

Na usijaze nyumba kwa siku moja. Chagua kitu kimoja, kiweke mahali kinapoonekana, kaa nacho mwezi mzima. Ukiona bado unakiangalia kila ukipita, ndipo utafute cha pili.