Injini ya Rudolf Diesel katika Nyanda za Juu za Kati

Wavumbuzi ambao kazi yao imefika hadi jikoni mwa wakazi wa Dodoma si wengi, na miongoni mwao yumo Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, ambaye injini yake ilijaribiwa kwa mafanikio mjini Augsburg mwaka 1897 na kugeuza takriban asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za zama hizo hazikukikaribia. Msingi wake ni mgandamizo, yaani hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali, kisha mafuta hupulizwa humo yakawaka yenyewe bila kuhitaji cheche ya plagi.

Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Karibu nusu karne baadaye karanga na dizeli zilikutana tena, safari hii Kongwa, mkoani Dodoma, ambako serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilianzisha mradi mkubwa wa kilimo na kuleta matrekta, mengi yakiwa masalia ya vita, ili yang'oe vichaka na mibuyu. Matrekta yaliharibika mfululizo, mvua zikawa haba, na udongo wa mfinyanzi ukakauka kiangazi hata karanga zikawa ngumu kung'olewa. Mradi ukaachwa mwaka 1951, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Si haki kuitwika injini lawama hiyo, kwani waliokosea ni waliopanga mradi wakiamini kwamba nguvu ya mashine ingeziba pengo la mvua.

Manufaa ya kudumu yalikuja kwa njia ya unyenyekevu zaidi, kupitia mashine ya kusaga. Kwa vizazi vingi wanawake wa Kigogo walitwanga uwele na mtama kwenye kinu, kisha wakasaga kwa jiwe juu ya jiwe, kazi iliyokula saa nyingi kabla ya ugali kusongwa. Injini ndogo ya dizeli ya silinda moja iliwafaa wanavijiji kwa sababu haikuhitaji umeme wala betri: msagaji huzungusha hendeli huku vali ikiwa wazi ili hewa isibanwe, na gurudumu zito likishashika kasi huiachia vali ijifunge, injini ikaitika kwa mlipuko wa kwanza, na mkanda ukaanza kuzungusha nyundo zinazoponda nafaka mpaka ipenye kwenye chekecheke. Injini za namna hiyohiyo zilivuta maji ya visima virefu, jambo lisilo dogo katika mkoa wenye kiangazi kirefu, na kwenye Reli ya Kati vichwa vya treni vya dizeli viliondoa haja ya kujaza matangi ya maji njiani.

Nafasi ya dizeli sasa inapungua. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na katika kila kijiji kinachopata umeme wasagaji hubadili injini kwa mota, iliyo kimya na isiyotoa moshi. Hata hivyo, malori yanayobeba alizeti kutoka mashambani kwenda kwenye viwanda vya kukamua mafuta bado yanatumia dizeli.